Mke Asiyeitika

Watu wa Kibaigwa walimjua Shaaban kwa mdomo wake. Alikuwa dalali wa mahindi. Angesimama kati ya mkulima aliyetoka Kiteto na tajiri aliyetoka Dar es Salaam, wote wawili wamekunja uso, na punde si punde ungewaona wanacheka na kupeana mikono, lori linapakiwa. Kwa hiyo Jumamosi ile alasiri alipoingia kwenye ukumbi wa ofisi ya kata, akachagua kiti cha karibu na mlango na kuishusha kofia yake mpaka kwenye nyusi, waliomjua walishangaa kumwona kimya.

Hakwenda kwa hiari yake. Shemeji yake, Abdulrahim, alikuwa ameshuka kutoka Kondoa baada ya kupigiwa simu na jirani. Alimkuta dada yake Tabu jicho limefumba, mdomo umepasuka. Abdulrahim ni mkulima, maneno yake machache. Alikaa sebuleni na kibaraghashia chake gotini, chai aliyowekewa hakuigusa.

"Shaaban, kuna njia mbili," alisema. "Moja inakwenda polisi, dawati la jinsia. Nyingine inakwenda ofisi ya kata. Nimeambiwa pale kuna kikundi cha wanaume waliokuwa wakipiga wake zao na wanataka kuacha. Dada yangu amesema tuanze na hiyo. Mimi ningeanza na polisi."

"Shemeji, haya ni mambo ya ndani."

"Jicho lake liko nje. Soko zima limeliona."

Jumamosi Shaaban akaivaa kofia yake.

Kikundi kile kiliongozwa na Yoramu, fundi seremala, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wenyeji wakaitika, kisha akaendelea kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni. Akaeleza kwamba yeye si mwalimu. Alimvunja mke wake mkono, na mpaka leo mkono ule haunyooki. Akimwona mkewe anatwanga humlazimu kuangalia pembeni. Kisha akamgeukia mgeni.

"Karibu, ndugu yangu. Kilichokuleta ni nini?"

"Mke wangu ana kiburi," Shaaban alisema. "Sisemi uongo, majirani wanajua. Unamwita haitiki. Unamwita tena, kimya, kana kwamba anaongea na malaika. Mtu umetoka kwenye jua, umebishana na watu kutwa nzima, unaingia kwako unamwita mkeo mara tatu hageuki hata shingo. Sasa mwanaume utafanya nini?"

Wawili watatu waliguna kwa kumuunga mkono. Yoramu alingoja waishe.

"Umetueleza alichofanya yeye. Wewe ulifanya nini?"

Shaaban aliangalia mlango. Ulikuwa wazi, na nje wanawake wawili walikuwa wakisubiri kugongewa muhuri na mtendaji. Aliona wamenyamaza.

"Tulikosana," alisema.

*

Hata hivyo alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, kwa sababu kila Ijumaa jioni Abdulrahim alipiga simu kuuliza. Na lazima isemwe kwamba kuna mambo aliyojifunza. Alijifunza kwamba hasira ikianza kumpanda shingoni atoke nje, anywe maji, aangalie barabara mpaka moyo utulie. Tangu siku ile shemeji alipokuja hakuwa ameinua mkono.

Lakini pia aligundua kwamba pale ukumbini kulikuwa na kitu kingine, nacho ni sifa. Siku moja alisema, "Ndugu zangu, nyumbani kwangu nilikuwa simba. Leo nataka niwe baba," na watu wakapiga makofi. Maneno yakamjia kwa wingi. Akaanza kuwahi kufika. Akahama kiti cha karibu na mlango, akawa anakaa mbele. Wanaume wengine walihangaika na ndimi zao, wakianza sentensi na kuiacha, wengine walilia. Shaaban alisema vizuri kuliko wote, na kwa mpangilio.

Gladness, afisa maendeleo ya jamii wa kata, alimpenda. Zilikuwa zinakaribia zile siku za kupinga ukatili wa kijinsia, na kata ilikuwa imepangiwa mkutano wa hadhara na mgeni kutoka wilayani. Alihitajika mtu wa kutoa ushuhuda.

"Dada Gladness, huyu bado mbichi," Yoramu alimwambia pembeni. "Anasema vizuri mno."

"Si ndicho tunachotaka?"

"Anasema ameacha. Hajawahi kutaja alichoacha."

Gladness alicheka, akasema mafundi seremala wanatafuta kasoro hata kwenye ubao ulionyooka. Jina la Shaaban likapita.

Jioni hiyo Shaaban alifika nyumbani amechangamka. Tabu alikuwa kwenye cherehani, ameinamia sare za shule alizokuwa amepewa kushona. Shaaban alisimama mlangoni, akamweleza habari yote: mkutano, mgeni kutoka wilayani, na kwamba watasimama wote wawili. Cherehani iliendelea kulia. Tabu hakuinua kichwa.

Joto likaanza kumpanda shingoni. Akageuka, akatoka, akachota maji mtungini, akanywa taratibu akiangalia malori yanavyopita barabara kuu. Aliporudi alijisikia mtu mwema sana. Akaenda kusimama mbele yake kabisa.

Tabu alishtuka, akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Umerudi saa ngapi?"

"Jumatano kuna mkutano pale uwanja wa shule," Shaaban alisema, akimeza. "Nitatoa ushuhuda. Wewe utasimama na mimi."

"Nitasema nini?"

"Useme nimebadilika."

Tabu alikata uzi kwa meno. "Hujanipiga tangu kaka aje. Hilo nitasema."

"Na mengine useme."

"Mengine yapi, Baba Ikram?"

Shaaban alifikiri. Alisimama pale akifikiri mpaka Tabu akaendelea na kazi yake.

*

Siku ya mkutano jua lilikuwa kali, ingawa mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yamejikusanya upande wa milima. Turubai lilifungwa kwa ajili ya wageni. Wananchi walikaa kwenye viti vya plastiki, na watoto wa shule, binti yao Ikram akiwa miongoni mwao, walikaa chini mbele. Ngoma ya Kigogo ilipigwa, hotuba zikasomwa, jenereta ikinguruma nyuma ya jukwaa. Kisha akaitwa Shaaban.

Alivaa kanzu yake ya Idi. Tabu alisimama kulia kwake, mikono ameifungia ndani ya mtandio. Kulia kwa Tabu kulikuwa na spika kubwa, na nyuma yake jenereta.

Shaaban aliposhika kipaza sauti aliwasahau wote. Alianza na salamu kwa dini zote. Akasema kuhusu simba na baba. Akawachekesha. "Na mimi kama wanaume wengi hapa, msijifiche nawaona, nilikuwa namtia mke wangu kofi moja la hapa na pale, la kumkumbusha." Wanaume wakacheka, hata mgeni wa wilayani akatabasamu. "Lakini leo nasema basi! Mke si ng'ombe wa kuswagwa!" Vigelegele vikapigwa. Gladness alikuwa aking'aa kwa furaha.

Gladness akapita nyuma yao, akajipenyeza katikati, upande wa kushoto wa Tabu. Kwa heshima hakutumia kipaza sauti kwanza. Alimwinamia na kumuuliza polepole sikioni kama yuko tayari kusema neno.

Tabu aliendelea kuangalia mbele.

Gladness akauliza tena. Tabu alikuwa akiwaangalia watoto wa shule. Kicheko kidogo kikaanza kwenye viti; mtu akasema, "Anaona haya huyo." Mgeni wa wilayani akatazama saa yake.

Joto lilimpanda Shaaban kwa kasi ambayo hakuna maji yangeiwahi. Aliinama mbele ya Gladness, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni mwake.

"Tabu! Husikii unaulizwa?"

Sauti ile ilitoka kwenye spika zote. Haikuwa sauti ya ukumbini. Ilikuwa ya nyumbani, na ilipiga ukuta wa shule ikarudi.

Tabu aliinua mkono wa kushoto akaufunika uso, akajikunja kiunoni, magoti yakakaribiana. Alifanya hivyo bila kufikiri, upesi, kama mtu anavyofumba jicho vumbi likiruka. Akabaki hivyo, akingoja.

Jenereta peke yake ndiyo iliyosikika. Mtu aliyekuwa akicheka aliacha katikati.

Baada ya kitambo Tabu aliushusha mkono wake. Aliona watu wote wanamwangalia. Akajinyoosha, akauweka sawa mtandio wake, akampokea Shaaban kipaza sauti, na Shaaban akakiachia.

"Mnisamehe," alisema. "Sikio la kushoto halisikii. Mtu akisema upande huo, mimi sijui kama anasema na mimi."

"Pole, mama," Gladness alisema, sasa amehamia kulia. "Ni tangu lini?"

Tabu alimtafuta Ikram kwa macho.

"Tangu Idi ya mwaka juzi," alisema. Akamrudishia Shaaban kipaza sauti, akashuka jukwaani, akaenda kumshika Ikram mkono.

*

Idi ya mwaka juzi wageni walikuwa sebuleni na pilau lilikuwa limechelewa. Shaaban alimfuata Tabu mlangoni pa jiko. Alikumbuka mkono wake ulivyoruka, alikumbuka namna kichwa cha Tabu kilivyogonga mwimo wa mlango, na namna yeye alivyorudi sebuleni akiwataka radhi wageni kwa uzembe wa wanawake. Alikuwa ameisahau siku hiyo, si kwa sababu ilikuwa ndogo, bali kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Na kiburi cha Tabu kilianza baada ya hapo. Kabla ya Idi ile, Tabu alikuwa akiitika, "Abee," hata akiwa uani.

Asubuhi iliyofuata alikwenda sokoni kwa sababu hakujua aende wapi kwingine. Hakuna aliyemwambia lolote. Walimsalimu kama kawaida, na ile kawaida ilikuwa ya kupima maneno. Karibu na adhuhuri alikuwa akibishania uzito wa magunia na mnunuzi, mnunuzi anajifanya hasikii bei, ndipo Elieza, mpakiaji mmoja aliyekuwa juu ya lori, akapaza sauti kama ya mtu wa kwenye spika:

"Husikii unaulizwa?"

Lori zima liliangua kicheko. Wapakiaji wa lori la pili wakadakia. Shaaban naye alicheka, akacheka zaidi ya wote, kisha akazunguka nyuma ya mizani akasimama peke yake mpaka kicheko kikaisha.

Alifika nyumbani na aibu imekwisha kugeuka kitu kingine.

"Umenivua nguo!" alisema kabla hajavua viatu. "Mbele ya wilaya nzima, Tabu! Mpaka wabeba magunia leo wananicheka mimi! Ungeninong'oneza usingekufa!"

Hakuna aliyemwambia Ikram lolote. Mtoto yule aliinuka mkekani na daftari lake la shule, akapita nyuma ya mama yake, akaingia kwenye upenyo uliokuwa kati ya cherehani na ukuta, akakaa. Pale chini palikuwa pamekunjwa kanga kuukuu, imebonyea katikati kwa kukaliwa. Mtoto alivuta magoti kifuani na kuangalia ukuta. Tabu alisogea hatua moja akaziba ule upenyo kwa mwili wake.

Walivyofanya ilionekana ni mazoea. Shaaban alimwangalia mwanawe anavyoangalia ukuta, na maneno yote aliyokuja nayo kutoka sokoni yakamkauka. Akakaa chini pale pale mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Sema tena. Upande huu."

Alisema tena.

"Nilikuambia," Tabu alisema. "Nilikuambia sikio linauma, linatoa maji. Ukasema wanawake hamkosi ugonjwa. Nikaogopa kusema zaidi. Ningesema ungeuliza limefanywa nini, na jibu lingekuudhi."

"Zile mara nilizokuwa nakuita…"

"Nilikuwa sisikii."

"Zote?"

"Sasa nitajuaje kama zote? Nilikuwa najua umeniita pale unaponipiga."

Shaaban alifunika uso. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Usilie mbele yangu, Baba Ikram," Tabu alisema. Hakusema kwa ukali. "Ukilia itabidi nikubembeleze, na leo sina nguvu hiyo. Nenda kalilie kwa Yoramu."

Akaenda. Yoramu alikuwa akipiga randa fremu ya mlango. Shaaban alisimama kwenye maranda ya mbao na kusema kwamba kikundini harudi tena, hawezi kuwaangalia watu usoni.

"Unachoonea aibu ni nini?" Yoramu aliuliza. "Kuchekwa, au sikio?"

Shaaban alitaka kujibu upesi, kisha akaona kwamba jibu la upesi lingekuwa uongo. "Vyote. Kuchekwa zaidi," alisema. "Mungu anisamehe, kuchekwa zaidi."

Yoramu aliiweka randa chini. "Hilo ndilo neno la kwanza la kweli ulilosema tangu uje," alisema, akamsogezea kigoda.

*

Tabu alikubali kwenda hospitali Dodoma, lakini si na mumewe. "Nitakwenda na kaka," alisema. Kwa hiyo Shaaban ndiye aliyelazimika kupiga simu Kondoa.

"Shemeji, Tabu hasikii sikio moja," alisema. "Ni mimi niliyeliharibu. Siku ya Idi."

Upande wa pili kilisikika kiti kikisogezwa.

"Nakuja," Abdulrahim alisema.

Walikutana hospitali. Tabu hakumkataza Shaaban kuwapo, ila alikaa benchi moja na kaka yake na Ikram, na Shaaban akakaa benchi la pili. Zamu yao ilipofika, muuguzi alitokeza mlangoni, kalamu mkononi, watu wamejaa ukumbini mpaka ukutani.

"Sikio liliumiaje, mama?"

"Nilianguka," Tabu alisema mara moja. Uongo ule ulimtoka wenyewe, alikuwa ameuzoea.

Abdulrahim aliinua kichwa, akamwangalia Shaaban.

Shaaban alisimama. Mdomo wake ulimwendea haraka kutafuta namna ya kulisema jambo lile ili watu walielewe vizuri, wajue kwamba yeye sasa ni mwingine. Akayaacha yote hayo.

"Hakuanguka," alisema. "Nilimpiga. Mimi mumewe."

Vichwa viligeuka benchi zima. Mama mmoja aliyekuwa karibu naye alijivuta na kikapu chake.

"Basi wewe baki hapo hapo," muuguzi alisema. "Mama, ingia peke yako." Akaufunga mlango.

Abdulrahim alihama, akaja kukaa benchi la Shaaban.

"Usidhani umenipoza," Abdulrahim alisema.

"Sidhani, shemeji."

Daktari alieleza kwamba ngoma ya sikio ilipasuka ikaoza bila matibabu. Usaha utakauka kwa dawa, maumivu yataisha. Kusikia sawasawa kama zamani asikutegemee. Tabu aliipokea habari hiyo kwa utulivu, kwa kuwa hakuna kipya alichoambiwa. Nje ya lango alisema kwamba anakwenda Kondoa na Ikram, atumie dawa akiwa kwa kaka yake, shule zenyewe zimefungwa.

"Utarudi?" Shaaban aliuliza.

"Jumamosi nenda kikundini," Tabu alisema. "Mimi niache kwanza nipumzike."

*

Shaaban alikwenda Jumamosi zote. Alirudi kwenye kiti cha karibu na mlango. Alisimulia habari ya Idi tangu mwanzo, na ya mlango wa jiko, na ya kanga iliyobonyea nyuma ya cherehani, akikwama kila mara, na alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Gladness alikuwapo, akaangalia chini. Sokoni wapakiaji waliendelea na utani wao mpaka ukawachosha.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, nyumba ilimzidi ukimya. Ijumaa moja, baada ya swala, alijificha nyuma ya magunia akapiga simu Kondoa. Alikuwa ameyapanga maneno yake: habari za matibabu, kisha mvua, kisha, bila kulazimisha, lini mtarudi.

Tabu alipokea. Wakasalimiana. Sikio halitoi usaha tena, alisema. Mvua ipo, na mtama umeota. Lakini Shaaban hakuwa akisikiliza vizuri, kwa sababu nyuma ya sauti ya Tabu palikuwa na mtoto anayecheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, kisicho na adabu, cha mtoto anayekimbizwa na wenzake uani. Kinapotea nyuma ya nyumba, kinarudi, kinapasuka tena.

"Ni mtoto wa nani huyo?" aliuliza.

"Yupi?"

"Huyo anayecheka."

Nyayo za Tabu zilisikika zikielekea mlangoni.

"Ni Ikram," alisema.

Shaaban alishikilia gunia lililokuwa mbele yake. Miaka yote aliwaambia watu kwamba Mungu amempa binti mpole, hana kelele.

"Anacheka hivyo siku zote?"

"Tangu tuje." Kisha Tabu akasema, "Ulitaka kusema nini? Sema, nasikia."

Yale maneno aliyoyapanga yalikuwapo yote, tayari, mdomoni.

"Hapana," Shaaban alisema. "Nilitaka kuwajulia hali tu. Msimnyamazishe."

"Huku hakuna anayemnyamazisha."

Hakukata simu, wala Tabu hakuikata. Aliiweka mahali, pengine dirishani, akaendelea na shughuli zake. Huko nje ya magunia wapakiaji walikuwa wakimwita dalali, wakimwita tena na tena, na Shaaban hakuitika. Alisimama na simu sikioni akimsikiliza mwanawe anavyocheka, mpaka salio likaisha.